Sauti za Barabara ya Tumbaku

Usiku wa Jumamosi, Machi 23, 1957, vijana wa Chuo Kikuu cha North Carolina waliingia katika ukumbi wa Municipal Auditorium mjini Kansas City kucheza fainali ya taifa ya mpira wa kikapu wa vyuo. Wapinzani wao, Kansas, walikuwa na Wilt Chamberlain, jitu la futi saba ambalo makocha wengi hawakuwa wamelipatia dawa. Frank McGuire, kocha wa North Carolina, alimtuma Tommy Kearns, mmoja wa wachezaji wake wafupi kabisa, akaruke na Chamberlain kugombea mpira wa kwanza. Uwanja mzima ulishangaa. Mechi ilikwenda muda wa nyongeza mara tatu. Zikiwa zimebaki sekunde 6, Joe Quigg alifunga mitupo huru miwili, kisha akapangua pasi iliyokuwa inaelekea kwa Chamberlain. Matokeo yakawa 54 kwa 53. Siku moja tu kabla, vijana haohao walikuwa wamecheza nusu fainali dhidi ya Michigan State, nayo ikaenda nyongeza mara tatu. Walimaliza msimu wameshinda mechi zote 32.

Hayo yameandikwa katika kila kitabu cha historia ya mchezo huo. Kisichosimuliwa sana ni jinsi watu wa North Carolina walivyoiona mechi yenyewe wakiwa sebuleni kwao, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka uwanjani. Mitandao mikubwa ya televisheni ya taifa haikuona sababu ya kuirusha. Aliyeona sababu ni mtayarishaji wa vipindi aitwaye Castleman D. Chesley, ambaye wengi walimjua kwa herufi tu, C.D. Alitafuta vituo vichache vya televisheni ndani ya jimbo, akavishawishi viache vipindi vyao vya kawaida kwa usiku huo, akapanga picha zisafirishwe kutoka Kansas City hadi huko. Ulikuwa mtandao mfano wa kamati ya harusi: watu wanakutanishwa kwa ajili ya shughuli, na shughuli ikiisha kila mmoja anarudi kwake. Tofauti ni kwamba kamati hii haikuvunjika. Msimu uliofuata Chesley alianza kurusha mechi za ligi ya eneo hilo mara kwa mara, na kwa karibu robo karne picha zake zikawa sehemu ya majira ya baridi katika majimbo ya kusini mashariki mwa Marekani.

Ili kuelewa kwa nini watu wazima wa leo huzungumzia matangazo yale kwa mapenzi makubwa, ni lazima kwanza kulielewa eneo lenyewe. Nchini Marekani vyuo vikuu hucheza michezo kwa ukubwa ambao sehemu nyingine za dunia huachiwa klabu za kulipwa. Vyuo hujiunga katika ligi za kikanda, na ligi ya huku inaitwa Atlantic Coast Conference, kwa kifupi ACC, iliyoanzishwa 1953. Moyo wake ulikuwa vyuo vinne vya North Carolina: Chuo Kikuu cha North Carolina kilichopo Chapel Hill, Duke kilichopo Durham, North Carolina State cha Raleigh, na Wake Forest, ambacho 1956 kilihamia Winston-Salem. Kutoka Duke hadi Chapel Hill ni kilomita kama 15 hivi. Ukanda huu ulijengwa na mashamba ya tumbaku na viwanda vya sigara, ndiyo maana wapenzi wa kikapu wakauita Barabara ya Tumbaku.

Timu ya NBA haikuwapo jimboni hadi Charlotte Hornets walipoanza kucheza 1988. Kwa hiyo kabla ya hapo, mapenzi ya watu yalikwenda vyuoni. Yalikwenda hata kwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga darasa la chuo: mkulima, fundi wa magari, mama wa kiwandani. Shabiki wa Duke na shabiki wa Chapel Hill walisali kanisa moja na kufanya kazi ofisi moja, na matokeo ya Jumamosi yalikuwa yanawasubiri wote Jumatatu asubuhi.

Kulikuwa na sababu nyingine, ya kisheria, iliyoufanya mpira wa kikapu uwe mali ya televisheni za mikoani. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilidhibiti kwa mkono wa chuma mechi za futiboli ya Kimarekani: kiliamua zipi zionyeshwe na mara ngapi, kwa hofu kwamba watu wakitazama nyumbani viwanja vitabaki vitupu. Udhibiti huo ulidumu hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoupiga chini 1984. Mechi za kawaida za kikapu hazikuwekewa kizuizi cha namna hiyo. Ligi na vyuo vilikuwa huru kuuza, na mitandao ya taifa ilikuwa bado haijachangamkia kununua. Katika mwanya huo ndipo watu kama Chesley walipojenga biashara yao.

Biashara yenyewe ilikwenda hivi. Kampuni ya matangazo ililipa ligi ili ipate haki. Ikakodi gari la mitambo, kamera chache na watu wawili wa kuzungumza. Kisha ikapita kituo kwa kituo, Charlotte, Greensboro, Raleigh, hadi Virginia na South Carolina, ikiviomba vichukue mechi. Kituo kilichokubali kilisimamisha vipindi vya mtandao wake wa taifa kwa saa mbili, na dakika za matangazo ya biashara zikagawanywa kati yake na kampuni.

Mdhamini aliyemwezesha Chesley kwa miaka mingi alikuwa kampuni ya bima ya hapohapo Greensboro, Pilot Life. Wimbo wake wa tangazo, uliowaalika watazamaji wasafiri baharini na "Pilot", yaani nahodha, ulirudiwa msimu hadi msimu mpaka watoto wakaujua kabla hawajajua bima ni kitu gani. Ukikutana leo na mtu aliyekulia North Carolina miaka ya sitini au sabini, mtajie tu jina la kampuni hiyo. Uwezekano mkubwa ataanza kuimba. Ni jambo la kuzingatia kwamba kumbukumbu ya michezo inaweza kubebwa na tangazo la bima. Lakini mwenye bima alikuwa jirani. Ofisi yake ilijulikana, wafanyakazi wake waliishi mitaa ileile, na wao pia Jumamosi mchana walikuwa mbele ya televisheni.

Watangazaji nao walikuwa wa palepale. Mtangazaji mkuu wa miaka mingi alikuwa Jim Thacker, mtu wa sauti tulivu aliyeuacha mchezo ujisemee. Pembeni yake, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya sabini, alikaa Billy Packer, aliyekuwa amechezea Wake Forest na kuifikisha nusu fainali ya taifa 1962. Packer alikuwa na maoni juu ya kila kitu na hakuyaficha. Mashabiki wa kila chuo waliamini anakipendelea kingine, jambo ambalo kwa mchambuzi ni cheti cha haki.

Kabla yake kiti hicho kiliwahi kukaliwa na mwalimu wake mwenyewe, Horace McKinney, aliyeitwa Bones. McKinney alikuwa kocha wa Wake Forest na pia mhubiri wa Kibaptisti. Akiwa kocha alishindwa kabisa kutulia kwenye benchi, hata wakati fulani akafungiwa mkanda wa kiti, kama wa gari, ili abaki ameketi. Mtu wa namna hiyo akipewa maikrofoni, mtazamaji hachoki. Na watazamaji hawakuhitaji kuelezwa yeye ni nani. Walikuwa wamemwona akirukaruka pembeni mwa uwanja miaka nenda rudi.

Hapo ndipo ilipo siri ya matangazo ya kikanda, kwa maoni ya mwandishi huyu. Mtangazaji wa taifa lazima aanze kila mechi kwa kumtambulisha kila mtu, kwa sababu anazungumza na mtu wa Seattle ambaye hajui Wake Forest iko wapi. Thacker na Packer hawakuwa na mzigo huo. Waliweza kuanzia pale mazungumzo ya kinyozi yalipoishia: goti la fulani limepona au bado, kocha fulani atampanga nani, ile faulo ya wiki iliyopita ilikuwa halali au la. Mtazamaji alichukuliwa kuwa mtu anayejua, na hilo humpa mtu heshima ambayo haisahau.

Januari 14, 1973, Chesley aliipeleka kazi hiyo kwa taifa zima. Alipanga North Carolina State wacheze na Maryland siku ya Super Bowl, saa chache kabla ya futiboli kuanza, akiuza mechi hiyo kwa vituo vya nchi nzima. Timu zote mbili zilikuwa juu kabisa kwenye orodha ya ubora. North Carolina State walikuwa na David Thompson, kijana aliyeruka kana kwamba sakafu inamsukuma. Wakati ule sheria ilikataza mchezaji kuzamisha mpira kikapuni, kwa hiyo wenzake walimrushia juu, naye akaudaka hewani na kuudondosha ndani ya pete taratibu. Dakika ya mwisho mpira uliorushwa na mwenzake ulikosa, Thompson akaupachika. Ilikuwa 87 kwa 85. Mamilioni ya Wamarekani waliowasha televisheni kusubiri futiboli wakagundua kwamba kuna kitu kinaendelea Barabara ya Tumbaku.

Kilele cha kila mwaka, hata hivyo, kilikuwa mashindano ya ligi mwezi Machi. Hadi katikati ya miaka ya sabini, ligi ilipeleka timu moja tu kwenye mashindano ya taifa, na timu hiyo ilikuwa bingwa wa siku zile tatu. Ungeweza kushinda msimu mzima na kuupoteza Machi kwa usiku mmoja mbaya. Raundi ya kwanza ilichezwa siku ya kazi, kuanzia mchana, na hapo ndipo desturi maarufu ya shule za North Carolina ilipozaliwa. Mwalimu alikwenda maktaba, akachukua televisheni nzito iliyofungwa juu ya toroli refu la chuma, akaisukuma korido nzima hadi darasani. Akanyoosha antena. Akageuza madawati. Hesabu zikasubiri, na mkuu wa shule akipita mlangoni alisimama kuuliza matokeo. Kizazi kizima kilijifunza namna ya kuhesabu faulo na dakika mbele ya toroli lile.

Fainali ya 1974, iliyochezwa Greensboro, huenda ndiyo mechi iliyobadilisha mengi kuliko zote. North Carolina State waliifunga Maryland 103 kwa 100 baada ya muda wa nyongeza. Maryland walikuwa miongoni mwa timu bora kabisa nchini, lakini walirudi nyumbani kwa sababu nafasi ilikuwa moja. Mwaka uliofuata NCAA iliongeza timu za mashindano ya taifa hadi 32, na kuruhusu ligi moja itoe zaidi ya timu moja. North Carolina State wenyewe, baada ya fainali hiyo ya 1974, waliendelea hadi kuivua ubingwa UCLA ya Los Angeles iliyokuwa imetawala kwa miaka saba mfululizo.

Televisheni ilikuwa na picha, lakini mapenzi ya watu mara nyingi yalikuwa redioni. Kila chuo kikubwa kilikuwa na mtu wake, aliyeitwa sauti ya timu. Kwa Chapel Hill mtu huyo alikuwa Woody Durham, mzaliwa wa Mebane, mji mdogo wa humohumo North Carolina. Alianza kazi hiyo 1971 na kuiacha 2011, miaka 40 ya kikapu na futiboli, zaidi ya mechi 1,800. Maelfu ya nyumba zilikuwa na utaratibu mmoja: televisheni inawashwa, sauti yake inapunguzwa hadi mwisho, redio inawekwa juu ya meza, Durham anasikika. Picha ya kampuni fulani, maneno ya mtu wetu.

Durham alijiandaa kama mwanafunzi anayekwenda kufanya mtihani. Alikuja uwanjani na karatasi zilizojaa takwimu na asili ya kila mchezaji wa timu zote mbili. Lakini watu wanamkumbuka zaidi kwa agizo alilowapa mchezo ulipofikia pabaya. Aliwaambia wasikilizaji waende pale wanapokwendaga na wafanye kile wanachofanyaga. Kila shabiki alijua anaambiwa nini. Kuna aliyetoka nje na kuzunguka nyumba, kuna aliyehamia kiti fulani, kuna aliyekumbatia mto na kuegemea ukuta, kwa imani kwamba bila hivyo timu itafungwa. Durham alijua imani hizo zote na hakuzicheka. Alizipa nafasi ndani ya matangazo.

Mwaka 2016 familia yake ilitangaza kwamba anaugua ugonjwa wa ubongo unaomnyang'anya mtu uwezo wa kuzungumza kidogo kidogo. Alifariki Machi 2018. Mwanawe, Wes Durham, naye ni mtangazaji, amefanya kazi miaka mingi katika ligi ileile aliyoitangaza baba yake.

Magharibi mwa milima, katika jimbo la Kentucky, jina lilikuwa Cawood Ledford. Alitoka Harlan, wilaya ya machimbo ya makaa ya mawe, na alikuwa sauti ya timu ya Kentucky kuanzia 1953 hadi 1992. Ili kuelewa uzito wake inafaa kukumbuka jinsi redio ya masafa ya kati inavyofanya kazi. Mchana mawimbi yake hutambaa juu ya ardhi na kuishia karibu. Usiku yale yanayopanda huakisiwa na tabaka za juu za anga na kurudi chini mamia ya kilomita mbali. Kituo cha WHAS cha Louisville, alichofanyia kazi Ledford kuanzia katikati ya miaka ya hamsini, kilikuwa na nguvu ya wati 50,000. Mchimba makaa ndani ya bonde ambalo televisheni haikufika vizuri alimpata Ledford bila shida. Mtu wa Kentucky aliyehamia Ohio au Michigan kutafuta kazi viwandani alimpata pia, akiwa amekaa ndani ya gari, akizungusha kitufe polepole mpaka sauti ya nyumbani itulie.

Ledford alikuwa na mtindo wa kuwaeleza wasikilizaji timu yao inashambulia kuelekea upande gani wa namba za redio zao, kulia au kushoto. Msikilizaji aliyeitazama redio yake mezani alikuwa ameshapewa uwanja. Kutoka hapo mtangazaji alijaza: mpira uko kona, umerudi juu, umeingia kati. Hakupaza sauti bila sababu, na timu yake ikicheza vibaya aliwaambia watu wazi kwamba inacheza vibaya.

Mechi yake ya mwisho akiwa na Kentucky ilikuwa Machi 28, 1992, Philadelphia, dhidi ya Duke. Wengi wanaihesabu kuwa mechi bora kuliko zote katika historia ya kikapu cha vyuo. Katika muda wa nyongeza, zikiwa zimebaki sekunde 2.1, Kentucky wakiongoza kwa pointi moja, Grant Hill wa Duke alirusha mpira kutoka mwisho wa uwanja hadi kwa Christian Laettner. Laettner akadunda mara moja, akageuka, akafunga. 104 kwa 103. Vijana wa Kentucky walikuwa chini sakafuni. Kocha wa Duke, Mike Krzyzewski, badala ya kubaki katika furaha ya timu yake, alivuka hadi kwenye meza ya redio ya Kentucky, akavaa vipokea sauti, akazungumza na Ledford na wasikilizaji wa jimbo lililokuwa limevunjika moyo, akiisifu timu yao na kumpongeza mzee huyo kwa kazi yake. Ni vigumu kupata ushahidi mkubwa kuliko huo wa nafasi aliyokuwa nayo mtangazaji wa mkoani. Leo sakafu ya uwanja wa Rupp Arena, Lexington, ina jina la Cawood.

Kila eneo lilikuwa na watu wake. Katika ligi ya kusini, SEC, Joe Dean, aliyewahi kuchezea Louisiana State, alisubiri mpira upite kwenye wavu bila kugusa pete, kisha akautaja mlio ule kuwa muziki wa nyuzi. Watoto wa Alabama na Tennessee walitamka maneno hayo kila walipofunga uani kwao. Indiana ilikuwa na Martha, mwanamke aliyeonekana katika tangazo la kampuni ya bima ya wakulima akisafisha ukumbi wa Assembly Hall huku akiimba wimbo wa chuo. Kwa watu wengi wa Indiana, mechi haikuwa imeanza mpaka Martha aimbe.

Los Angeles inastahili maelezo zaidi, maana huko hata jiji kubwa la filamu lilipata kijiji chake. UCLA ya kocha John Wooden ilitwaa mataji 10 ya taifa kati ya 1964 na 1975. Tiketi zilikuwa shida, na mechi nyingi za nyumbani zilirekodiwa na kuonyeshwa na kituo cha KTLA saa tano usiku. Mtangazaji alikuwa Dick Enberg, aliyewahi kuwa mwalimu wa chuo. Watu walikwepa habari za jioni ili wasisikie matokeo, wakakaa macho hadi saa saba.

Tatizo la Enberg lilikuwa kwamba UCLA walishinda mno, na wapinzani wengine walijilinda kwa kuukalia mpira. Hakukuwa na saa ya kuwalazimisha kurusha. Mwaka 1970 Oregon walifanya hivyo, wakapasiana bila mwisho, na Enberg akaishiwa na maneno. Akaanza kuimba kwa pua wimbo uliokuwa ukivuma wakati huo, "Raindrops Keep Fallin' on My Head", bila kuyajua maneno yake. Mechi iliyofuata bendi ya wanafunzi ikaupiga. Enberg akaahidi kwamba UCLA wakichukua ubingwa wa ligi atauimba katikati ya uwanja. Wakachukua. Baada ya mechi ya mwisho ya nyumbani akasimama pale kati, na mashabiki wake wakabaki kumsikiliza.

Enberg huyohuyo ndiye aliyetangaza, Januari 20, 1968, mechi ya UCLA na Houston ndani ya Astrodome mbele ya watu 52,693. Houston walishinda 71 kwa 69. Mitandao mikubwa ilikuwa haijaihitaji. Iliyoirusha ni kampuni ya TVS ya Eddie Einhorn, iliyokusanya vituo kimoja kimoja nchi nzima kwa njia ileile ya Chesley. Mitandao ilipokuja kuzinduka, ilichukua watu waliokwisha kupikwa mikoani. Fainali ya 1979 kati ya Magic Johnson na Larry Bird, iliyotazamwa kuliko mechi yoyote ya kikapu ya vyuo kabla yake, ilitangazwa NBC na Enberg na Billy Packer, pamoja na kocha mstaafu Al McGuire.

Mwaka huohuo wa 1979 ulizaa mambo matatu. Mjini Charlotte, Rick na Dee Ray walianzisha kampuni ndogo iliyoitwa Raycom. Kaskazini mashariki, Dave Gavitt aliunganisha vyuo vya miji mikubwa kuwa ligi ya Big East. Na Bristol, jimbo la Connecticut, chaneli ya ESPN ikawashwa Septemba. Wazo la kwanza la mwanzilishi wake, Bill Rasmussen, lilikuwa dogo: kuonyesha michezo ya Connecticut kwa watu wa Connecticut kupitia kebo. Alipouliza bei ya setilaiti akagundua kwamba kurusha nchi nzima si ghali kama alivyodhani. Chaneli iliyokuja kumeza matangazo ya mikoani ilianza kama ndoto ya mkoa mmoja.

Kifo cha matangazo ya mikoani kilichukua miaka 40. Chesley alipoteza haki za ACC 1981, na mwaka mmoja baadaye zilichukuliwa na Raycom kwa ushirika na Jefferson-Pilot, kampuni iliyotokana na biashara ya bima ya Greensboro na yenye kituo cha televisheni Charlotte. Ushirika huo uliendeleza desturi kwa uaminifu: vituo vilevile, Jumamosi ileile, wachambuzi waliokulia ndani ya ligi kama Dan Bonner aliyechezea Virginia na Mike Gminski aliyechezea Duke. Hata mchezo wenyewe ulibadilika kwa sababu ya watazamaji. Baada ya fainali ya ligi ya 1982, ambapo North Carolina walishikilia mpira dakika kadhaa na kuifunga Virginia 47 kwa 45, malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba msimu uliofuata ACC ilijaribu saa ya sekunde 30 na mtupo wa pointi tatu.

Connecticut ilionyesha kwamba desturi hii haikuwa ya kusini pekee wala ya wanaume pekee. Kuanzia 1994 hadi 2012, mechi za timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Connecticut zilirushwa na televisheni ya umma ya jimbo, inayotegemea michango ya watazamaji. Msimu wa kwanza tu timu ilishinda mechi zote 35 na kutwaa taifa. Bibi ambaye hakuwahi kujali kikapu alijikuta anawajua wasichana wote kwa majina, na anachangia fedha ili aendelee kuwaona.

Katika chuo hichohicho ndipo alipofika, 2006, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, kijana wa futi saba na inchi tatu. Alicheza misimu mitatu, akawa mshindi mwenza wa tuzo ya mchezaji bora wa Big East 2009, kisha Memphis Grizzlies wakamchagua namba mbili na kumfanya Mtanzania wa kwanza NBA. Machi 12, 2009, alikuwamo katika mechi ya New York kati ya Connecticut na Syracuse iliyokwenda nyongeza mara sita, na kumalizika baada ya saa saba usiku kwa Syracuse kushinda 127 kwa 117. Kwa miaka hiyo mitatu watangazaji wa Connecticut walizoea kulitaja jina la kijana wa Dar kila wiki, na wasikilizaji wao wakalizoea.

Machi 2019, mjini Charlotte, Raycom ilirusha mashindano yake ya mwisho ya ACC. Agosti mwaka huo ilianza chaneli maalumu ya ligi hiyo, mali ya ESPN. Anayelipia kebo anapata mechi nyingi kuliko wakati wowote, kwa picha ambayo Chesley hangeweza kuiota. Aliyepungukiwa ni yule mwenye antena na hana ada ya mwezi, na ndiye aliyeijenga hadhira ya mwanzo. Ligi yenyewe imetawanyika. Maryland waliondoka 2014, na tangu 2024 Stanford na California, vyuo vya ufuo wa Pasifiki, ni wanachama wa ligi ya pwani ya Atlantiki. Mchambuzi wa leo anaweza kutangaza Chapel Hill Jumanne na Palo Alto, kwao Stanford, Jumamosi. Unyonge wake ni kwamba hawezi kuwa na kinyozi katika miji yote miwili.

Kazi ya Raycom haikufa kabisa. Tangu 2023 mtandao wa CW, unaopatikana bure kwa antena, unaonyesha baadhi ya mechi za ACC, na mitambo na watayarishaji wake ni Raycom kutoka Charlotte. Redioni, Jones Angell alimpokea Woody Durham 2011, na Kentucky ikaja kusikika kwa sauti ya Tom Leach. Shida mpya ya wanaozima sauti ya televisheni ili wasikilize redio ni ya kiufundi: picha ya dijitali huchelewa sekunde kadhaa nyuma ya redio, na redio ya intaneti huchelewa nyuma ya picha. Mashabiki wameshapata njia. Wananunua redio zenye kitufe cha kuchelewesha sauti, au wanasimamisha picha kwa rimoti, wanasubiri mtangazaji wao ataje mpira umerushwa, wanaiachia tena, na kurudia mpaka mdomo na mpira vilingane.